Shahidi Aliyeitwa na Krista

Nimewahi kumpokonya mama mtoto wake bila kusema uongo hata neno moja.

Tulia nikupe mkasa.

Mimi ni mshauri nasaha hapa Toledo, Ohio. Watu huja kwangu kutua mizigo ya moyo, na ya ndani hubaki ndani. Krista alianza kuja pale mumewe alipomkimbia. Sasa jamaa karudi na wakili mkali, anamtaka binti yao, Tessa.

"Dada, njoo mahakamani uwaambie mimi ni mama mzuri."

Nikamweka chini. "Krista, siri hizi ni zako. Ukiniita, umefungua mlango, na wakili wao ataingia humohumo. Ataniuliza lolote, nami sidanganyi."

"Aulize! Kwani nimeua?"

"Na nani amlee Tessa, hilo sisemi. Baba yake simjui, sijawahi hata kuzungumza naye."

"We njoo bwana! Nani mwingine ananijua?"

Basi nikapitia kumbukumbu zangu, nikajiandaa kujibu ninachoulizwa tu.

Mahakamani, wakili wa Krista alianza. Nikasema Krista ana bidii, hakosi miadi. Krista akatabasamu, masikini.

Kisha akainuka wa upande wa pili, Haldane.

"Amewahi kukwambia anatamani kumwacha mtoto?"

Nikamtazama Krista.

"Ndiyo. Mara moja. Alikuwa hajalala, akasema anatamani awashe gari aende asirudi. Mzazi aliyechoka huweza ku..."

"Inatosha. Kwa maoni yako, mtoto akae na mama?"

"Hilo siwezi kulisema. Sio kazi yangu."

Akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, hata mshauri wake mwenyewe kashindwa!"

Krista aliinamisha kichwa. Tessa akaenda kwa baba.

Wiki iliyofuata, mlango ukagongwa. Krista huyo! Nikajua kaja kunitukana, na kweli nilitamani anitukane.

Akakaa na koti lake mwilini.

"Jaji kasema nikitaka kumwona Tessa, lazima niendelee na matibabu. Kwako."

"Pole, Krista. Unajisikiaje?"

"Sijambo. Nalala vizuri. Nakula vizuri. Sina mawazo yoyote."

Macho yalikuwa mekundu. Hajasema kingine hadi leo, na kila wiki anakuja.

Ndugu yangu, ukimwita msema kweli akutetee, ujue hatachagua ukweli wa kukufaa. Na mimi nimejifunza langu: unaweza kuifanya kazi yako sawasawa kabisa, na bado mtu akaangamia mikononi mwako.