Hodi kwa Asiye na Nyumba

Mama anayetunza matangi ya maabara hafunui tangi la konokono mmoja wa baharini bila kupiga hodi. Hugonga kioo kwa ukucha, hungoja kidogo, kisha huingiza mkono taratibu na kumwekea kipande cha sifongo hai wa baharini, maana mdekaji huyo hali kingine.

"Mama, huyo hana hata gamba! Hodi ya nyumba gani?" mtafiti humtania.

"Ndiyo maana, mwanangu. Hana pa kujificha."

Juzi asubuhi walimkuta konokono amekata roho. Kwenye kioo alikuwa ameacha utepe wa mayai, umejiviringa kama waridi. Mtafiti akanyoosha mkono amtoe, lakini kwanza akagonga kioo kwa ukucha.

"Hodi," akajikuta anasema.

Nyuma yake mama akaitikia kwa kunong'ona, "Karibu. Ila polepole, watoto wamelala."