Breki Laini ya Kijana wa Milimani

Jumanne nilikuwa gereji nikingojea pikapu yetu ya viazi, na masikio yangu hayajui kukaa bure. Kijana mmoja wa Milimani, mtaa wa wenye pesa, akaleta gari la michezo, jekundu, limelala chini kama kuku anayeatamia. Mchumba wake alikuwa kando, amekunja mikono. Siku hiyo kijana alikuwa apelekwe Mau Narok, kule juu mlimani, akaonekane na baba mkwe.

"Kupanda tutapanda," msichana alisema. "Kuteremka je? Si umesema breki huisikii?"

"Fundi, nimebadilisha pedi, mafuta ya breki, hata paipu zake," kijana akalia. "Bado ni kama nakanyaga ugali."

Fundi, mzee aliyevaa akala, zile ndara za tairi, akatoa hewa kwenye breki, akaketi, akakanyaga. "Iko imara."

Kijana akakanyaga. "Ugali!"

Mzee akainama, akatazama viatu vya kijana. Soli zilikuwa nene kama mkate mzima. "Boss, hebu vua." Akavua akala zake, akampa.

Kijana akazunguka uwanja, akafunga breki, akashuka akicheka. "Naisikia! Naisikia mpaka kwa goti!"

Msichana akatazama vidole vikichungulia chini ya suti. "Breki sasa naiamini," akasema polepole. "Lakini miguu hiyo haiingii kwa baba."

Wakaondoka hivyo hivyo, msichana amepakata vile viatu vya soli nene kama mtoto mchanga. Fundi akabaki peku.

Mimi nina binamu Mau Narok. Kabla hawajafika Njoro, njiani, nilikuwa nimeshampigia: kuna mkwe anakuja na gari jekundu; akaribishwe asikaribishwe, wewe angalia miguu.