Bonde Tulilokaribishwa

Mwezi uliopita nilirudi Heru Juu na wanangu, baada ya miaka mingi ya kuishi Kibondo. Bodaboda walitushusha njia panda, na kabla vumbi halijatulia nikasikia harufu ya mihogo iliyovundikwa ikipanda kutoka kijitoni. Mgeni angeziba pua. Mimi nilisimama nikaivuta, nikawa mtoto tena.

Babu yangu alivuka kutoka Burundi akiwa kijana. Mzee jirani, mwenyeji wa pale, ndiye aliyemkaribisha na kumkatia kipande bondeni, kwa kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, na neno la mdomo tu. Wakapanda minyaa kuwa mpaka. Hadi nilipopata akili, bibi na mke wa yule mzee waliloweka mihogo dimbwi moja na kuianika mwamba mmoja. Alfajiri tuliwasikia wakiitana kwa Kiha ng'ambo ya minyaa, "Mwakeye," yaani mmeamkaje. Sisi watoto tulitumwa kwao kuomba moto, tukarudi na bakuli la sombe, kisamvu kilichoungwa kwa mawese. Bibi alipenda kusema kwamba mgeni hasahau mlango wa kwanza uliomfungukia.

Kisha mzee jirani akafariki. Hata matanga hayajaisha, wanawe wakaanza kupita shambani kwetu. Hawakugombana na mtu. Walisimama, wakanong'onezana, wakaondoka. Baadaye salamu zikakoma, na mama akatukataza kwenda kuchota maji peke yetu. Asubuhi moja tukakuta minyaa imeng'olewa na kulazwa juu ya maharage yetu, utomvu mweupe ukichuruzika kwenye majani. Wana wa jirani wakasema baba yao aliazimisha ardhi, hakuitoa.

Msimu uleule babu naye akaugua, akafa. Baba na baba wadogo wakaenda kuchimba kaburi bondeni, maana penye kaburi lako ndipo kwenu. Wana wa jirani wakaja na mapanga, wakajipanga upande wa pili wa shimo. Nakumbuka udongo ukiporomoka ndani, kidogo kidogo. Ndipo bibi akafika, kitenge cha msiba kiunoni, akasimama kati yao.

"Mume wangu si mpaka," alimwambia baba. "Mkamzike nyuma ya nyumba."

Wakamtii. Lakini shimo halikufukiwa. Sisi hatukuthubutu kulisogelea, wao hawakutaka. Mvua zikalijaza maji, nasi watoto tukawa tunalizunguka kwa mbali, tukiambiana kwamba kaburi lililoachwa wazi linamsubiri mtu.

Shauri likafika baraza la kata. Walioshuhudia ardhi ikitolewa walikwisha kufa, isipokuwa mke wa mzee jirani. Mwenyekiti akamuuliza, mumewe alitoa au aliazimisha? Mama yule akawatazama wanawe. Akamtazama bibi.

"Sijui," akasema. "Sikuwepo."

Bibi, kama alivyosikia kwa babu, alikuwa ametusimulia mara nyingi kwamba siku ya kukatiwa ardhi huyohuyo ndiye aliyewamiminia lubisi. Njiani baba alilaani hadi sauti ikamkauka. Bibi akamwambia amwache, kwa kuwa yule atarudi kulala nyumba moja na wanawe.

Bonde likaenda kwa wana wa jirani. Kisha wakadai hata kiwanja cha nyumba, na jioni moja baba mdogo mmoja akaletwa amekatwa panga begani. Hakumtaja aliyemkata. Kabla ya msimu wa kulima tulipakia vyombo kwenye lori tukahamia Kibondo. Bibi alikaa mbele, karibu na dereva, na hakugeuka.

Leo wana wa jirani wanashtakiana wenyewe kwa wenyewe. Bonde limekatwa vipande, na kila kipande kina dimbwi lake la mihogo lililozungushiwa miiba. Hakuna anayemwita mwenzake alfajiri. Nilidhani tulioporwa ni sisi tu. Kumbe nao hawakubaki na kitu cha kufurahia.

Wanangu wakataka kuona babu yangu alipolala. Nikapiga hodi kwenye nyumba iliyokuwa yetu. Mwanamke kijana, pengine mke wa mjukuu wa mzee jirani, akafungua kidogo, nami nikamwomba atupishe uani tukapalilie kaburi. Aliwatazama watoto, mmoja mmoja, kama anayewahesabu.

"Mmetumwa na baraza?" akauliza.

Nikamwambia hapana. Akafunga mlango taratibu, na ndani nikasikia akimwita mumewe.