Wimbo Uliokatika kwenye Kanda ya Baba

Asubuhi hiyo niliamka Shangani ya Mtwara mjini, kwa rafiki aliyekuwa amenistiri kwa siku chache, nikafunga begi langu na kutoka bila kujua naenda wapi. Ndivyo ninavyoondoka siku zote. Miguu ikishaanza kuniwasha sihitaji sababu nyingine. Upepo ulileta harufu ya mwani na ya maandazi yanayokaangwa, nami nikaenda nao mpaka Ufukoni, kwenye kijiwe cha bodaboda, kwa kuwa palikuwa na kelele na mimi kelele za watu hazinipiti. Vijana walikuwa wanabishana ni wimbo gani ulikuwa mkali kuliko nyimbo zote za mwaka juzi. Mmoja, aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua kali, aliwaonyesha wenzake kwenye simu yake jinsi watu walivyoutazama ule wa kwake kwa wingi. Mwenzake akamwambia, "Kaka, hata ajali watu wanaitazama." Wakacheka, wakaanza upya. Nilisimama nikisikiliza mpaka wakadhani nataka pikipiki. Kilichonishangaza ni kwamba katika ubishi wote ule hakuna aliyeimba. Kila aliyetaka kuutetea wimbo alibonyeza simu, wimbo ukajitetea wenyewe. Na pale walipokuwa wameegesha pikipiki zao, kati ya kibanda cha vocha na banda la chipsi, ndipo lilipokuwa duka la baba yangu la kurekodi kanda.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ndani yake mlikuwa na deki yenye matundu mawili ya kanda, redio, feni isiyozunguka, na baba. Kabla hujaingia ulipokelewa na harufu: plastiki ya kanda mpya iliyochanwa muda huo, joto la deki iliyofanya kazi tangu asubuhi, na moshi wa korosho zilizochomwa uani kwa jirani, ule moshi unaowasha macho. Nyimbo mpya tulizipata redioni. Mtangazaji alikuwa na tabia ya kuzungumza juu ya wimbo, mwanzoni na mwishoni, na ufundi wote wa kazi ile ulikuwa kujua wakati wa kubonyeza. Ukiwahi, unamrekodi yeye na salamu zake. Ukichelewa, unapoteza mlio wa kwanza wa gitaa. Baba alikuwa na vidole vinene vilivyolelewa na jembe, kwa hiyo kubonyeza ilikuwa kazi yangu. Nilikaa kwenye kigoda kando yake, bega langu likigusa mkono wake, sote kimya, tukimsubiri mtu wa Dar es Salaam anyamaze. Shule sikuipenda, na haikupita miaka mingi nikaiacha. Lakini kigoda kile nilikipenda. Sijawahi kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa karibu na baba katika kule kusubiri.

Msimu wa korosho ulipofika, wakulima walikuja mjini, na kila mmoja alitaka kurudi kwao na kanda ya mwaka. Ndivyo tulivyoiita. Ilikuwa kanda moja yenye nyimbo bora za mwaka unaoisha, na zipi ziingie, na upi utangulie, baba hakuamua peke yake. Iliamuliwa barazani kwetu, kila siku baada ya alasiri, kwa ubishi. Sharti lilikuwa moja tu: anayeutetea wimbo lazima auimbe kwa mdomo wake, mbele za watu, redio ikiwa imezimwa. Ukishindwa kuuimba, wimbo wako umetoka. Bwana Ismaili, fundi wa ng'ambo ya barabara aliyehamishia cherehani yake barazani kwetu kila alasiri, alikuwa mtu wa dansi, nyimbo ndefu zenye magitaa, na magitaa hayo aliyaimba yote puani. Chilumba, mbeba mizigo wa sokoni, alikuwa upande wa vijana ambao wakati ule ndio walianza kuimba kwa kusema haraka haraka. Aliimba huku akijipiga kifua badala ya ngoma. Walikuwa watani, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. "Mtani, wimbo wako huu," Chilumba alimwambia siku moja, "mtu anaweza kuoa wakati gitaa linapigwa, na akawa ameshaacha kabla hujarudi kuimba." Bwana Ismaili hakuinua hata macho kwenye pindo alilokuwa analishona. "Na wako nimeusikia toka dirishani," akasema, "nikadhani mnada wa samaki."

Mimi nilikuwa na wimbo wangu mwaka ule, wa dada mmoja mwenye sauti nyembamba aliyekuwa akimsuta mwanamume kwa upole, na nilijifunza kuuimba nikiwa natwanga, nikiwa nafua, nikiwa bafuni. Nilipouimba barazani nilisimama nimeishika nguzo kwa nyuma. Watu walinisikiliza mpaka mwisho. Chilumba alisema huyu mtoto sauti kaikopa kwa shetani. Baba alisema tu, "Huu utatangulia," nami nililala nikiwa na furaha ambayo mpaka leo nikiitafuta naikuta pale pale ilipokuwa.

Ndipo akaja Somoe. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu wa Nanyamba, ametoka kuchezwa unyago mwaka uliotangulia, mrefu kunizidi kidogo, mwenye kucheka bila kutoa sauti. Shangazi alimleta akae msimu ule kwa mjomba wake. Kwa msomaji asiyetoka kwetu niseme kwamba Wamakonde wa asili huhesabu mtoto kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Mpwa wa mtu ndiye damu yake hasa. Watoto aliowazaa mwenyewe wana mjomba wao kwingine, na wa kwangu alikuwa Tanga, hata sura yake siijui. Jambo hilo nilikuwa nimelisikia tangu nazaliwa bila kunigusa, kama mtu anavyosikia habari za mvua ya nchi nyingine. Lakini Somoe alipovua ndala mlangoni, baba alisimama kumpokea, na akamwita "mama", kwa sababu alikuwa na jina la bibi yetu aliyemzaa baba. Mimi baba aliniita Hadija.

Kwao redio ilifunguliwa kwa nyimbo mbili tatu tu kisha ikazimwa kutunza betri, kwa hiyo Somoe alizoea kuushika wimbo kwa kuusikia mara moja, huku anaokota korosho. Jioni ya pili alisimama nyuma yetu tukiwa tunarekodi, akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, huyu mtangazaji anavuta pumzi kabla hajaongea. Sikiliza." Baba alisikiliza. Ilikuwa kweli. Miaka yote nilikuwa nikibonyeza kwa kubahatisha, na mtu yule alikuwa akitupa ishara. Kesho yake baba aliniambia, bila ubaya wowote, "Mpishe mwenzio kidogo ajaribu." Kidogo hiyo ilichukua msimu mzima.

Wivu ulinikausha koo kama bibo, tunda la mkorosho, lisiloiva. Nilikaa barazani na watu wazima huku sikio langu liko ndani, nikisubiri Somoe akosee, na Somoe hakosei. Nilimwomba Mungu mtangazaji apate kikohozi. Usiku tulilala kitanda kimoja, na hata hapo aliimba polepole kabla ya kusinzia, wala si kwa kunikoga, maana angenikoga ningepata la kusema. Kibaya zaidi ni kwamba alinipenda. Alinisuka nywele. Aliniuliza habari za bahari, ambayo alikuwa haijui, nami nikamjibu kama ninayemjibu mtu wa ushuru.

Siku zikiwa zimebaki chache kanda ifungwe, Somoe alileta wimbo wake barazani. Hakuna aliyeujua, maana redio iliupiga mara moja tu, nasi tukauwahi kuurekodi. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyeondoka kwao zamani, anajiuliza nani atamfungulia mlango siku akirudi. Aliuimba ameketi, macho chini, akichorachora kwenye mkeka kwa kidole. Mguu wa Bwana Ismaili uliacha kukanyaga cherehani. Chilumba alitaka kusema kwamba haukuwa wa kuchezeka, akaanza, akaacha. Kisha watu wakagawanyika, ule utangulie au wa Hadija, na ubishi ukaendelea mpaka magharibi, nami nikamtazama baba tu. Sikujali tena kanda. Nilitaka nijue akilazimishwa kuchagua atachagua nani. Baba alitutazama wote wawili, akajikuna shingo. "Wa Hadija nilishasema unatangulia," akasema. "Wa Somoe utafunga upande." Nilikuwa nimeshinda. Somoe akacheka kwa furaha bila sauti, akanishika mkono.

Sasa, kanda ina nusu saa kila upande, na wimbo wa dansi wa Bwana Ismaili, pamoja na magitaa yake, uliila ile nusu saa kama nzige. Baba aliporekodi wimbo wa mwisho, deki ilijizima yenyewe. Ule mstari unasema, "Nikirudi na vumbi miguuni, nani atanifungulia," lakini kanda yetu ilisema, "Nikirudi na vumbi miguuni, nani atanifu," basi, kimya. Nje fuso la Nanyamba lilikuwa linapiga honi, wakulima wako juu ya magunia wanasubiri kanda zao. Baba aliwapa hizo hizo, akasema atatengeneza nyingine baadaye. Jioni ile mimi nilikula vizuri.

Baada ya mwezi tulikwenda Nanyamba kwenye sherehe ya kuwatoa wali, wasichana waliomaliza unyago. Tulikuwa mimi, baba na Somoe. Spika zilifungwa kwenye mkorosho, vumbi jekundu limefika magotini, na kanda iliyokuwa inapigwa ni yetu. Wimbo wangu ulianza. Kina mama walikuwa wanapakua chakula, wakaendelea kupakua. Mmoja alitikisa bega kidogo, nadhani alikuwa anafukuza nzi. Nyimbo zikapita. Ulipofika ule wa mwisho, masufuria yaliachwa. Wanawake wote wakaingia uwanjani, wakiwazunguka wali waliopakwa mafuta na kuvikwa kanga mpya, wanaimba kwa pamoja wakisogea taratibu, na walipofika kwenye "nani atanifu," kila mtu alisimama ghafla, mguu mmoja juu, mkono umeganda hewani, hakuna anayepumua. Kisha vigelegele. Kisha wakarudisha kanda waanze tena. Walidhani ndivyo ulivyotungwa. Kule kukatika ndiko walikokupenda kuliko yote. Somoe alikuwa katikati yao, mguu juu, anacheka, na safari hii sauti ilitoka. Nami nilisimama kando ya masufuria nikiwa na wivu mpya kabisa, wivu wa kumwonea mtu hata bahati mbaya yake.

Baadaye baba alipata kanda ndefu zaidi, akaurekodi wote, na wateja wakazirudisha. Mzee mmoja alilalamika kwamba tumeuharibu, tumeongeza mambo mwishoni. Somoe aliolewa huko huko Nanyamba. Kanda zilikufa kama sote tulivyoziona zinakufa, duka likafungwa, na baba alipofariki, deki ilikwenda kwa mpwa wake, Somoe. Hakuna aliyeuliza, na kwa mila hapakuwa na la kuuliza. Iko sebuleni kwake, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kila nikipita ananipikia, ananikalisha karibu nayo, na mimi naondoka kesho yake mapema.

Hayo yote yalinirudia pale kijiweni. Gari la mizigo lililobeba barafu za kuhifadhia samaki likasimama kujaza upepo, nikamuuliza dereva anakwenda wapi, akanitajia kijiji ambacho sikuwahi kufika, mbele ya Madimba, karibu na mdomo wa Ruvuma. Nikapanda. Tulifika jua linaelekea kushuka. Mikoko ilikuwa imesimama kwenye tope, ng'ambo ya maji ni Msumbiji. Dereva alinielekeza kwa mama mmoja anayepangisha chumba wasafiri wanaovuka, nikamkuta anafagia uwanja wake, amejifunga kanga kiunoni, anaimba kwa ndani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kupiga hodi. "Nikirudi na vumbi miguuni, nani atanifu," akaimba, na ufagio ukasimama hewani. Kisha akaendelea kufagia.

Tulisalimiana, nikaomba chumba, akanikubalia. Sikuweza kujizuia nikamuuliza kwa nini wimbo anauachia pale. "Ndipo unapoishia," akasema, akinishangaa. Akaniambia ulikuja na kanda ya Mtwara mjini, yeye akiwa mwali, na watu wakasema aliyeuchagua ni binti wa mwenye duka, mtoto mwenye masikio ya ajabu. Ningeweza kunyamaza. Wale vijana wa bodaboda wana nyimbo zote za dunia mfukoni na hakuna inayokatika, na miaka ikipita sijui nani atasimamisha ufagio hewani kwa ajili ya wa mwaka juzi. Yangekuwa mawazo mazuri ya kwenda nayo kulala. Lakini koo lilishakauka, lile lile bibo.

"Yule hakuwa binti yake, dada yangu," nikamwambia. "Alikuwa mpwa wake. Binti yake ni mimi."

Alinitazama tangu kichwani hadi kwenye vumbi la miguuni. "Kumbe," akasema kwa upole. "Na wewe ulichagua upi?"

Nikauimba wangu, nimesimama pale uwanjani na begi begani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mgeni anavyosikilizwa. "Huo siujui," akasema, kisha akanifungulia mlango na kunionyesha ndoo ya maji ya kuoga.