Maua ya Dada Nyuma ya Kioo Cheusi

Mtaani wanamwita Mama Nakshi, na jina hilo limemganda hata watoto wa jirani hudhani alizaliwa nalo. Ni mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi mwekundu kwenye bawaba, na ana mazoea ya kusema na Mungu huku akitunga uzi kwenye sindano, kama anayezungumza na jirani aliyesimama nje ya dirisha. Chumba chake cha kazi kina meza ya kukatia, kioo kirefu cha kujipimia, cherehani ya mzee mwenzake ambaye wateja humwita Fundi Suruali, na kule pembeni mashine ya kutarizi pamoja na kompyuta ya mezani, kuukuu lakini haina hata chembe ya vumbi.

Chumba kile kina sheria moja. Tangu duka la jirani liungue kwa hitilafu ya umeme, hakuna kitu kinacholala kwenye soketi. Jioni ikifika, Fundi Suruali huzunguka akichomoa plagi moja moja, ya pasi, ya cherehani, ya taa, kisha husema "Amina" na mlango hufungwa.

Kompyuta ile ilikuwa ya dada mkubwa wa Mama Nakshi. Dada alipougua na miguu kukataa kumbeba, alijifunza kuchora maua kwenye kompyuta, mashine ikawa inayashona vile vile alivyoyachora. Mumewe, ambaye ni fundi wa mitambo ya redio katika mji wa mbali, ndiye aliyeiwekea mfumo wa Linux, akisema haulipiwi na haudharau kompyuta kongwe. Mwaka uliopita Mungu akamchukua dada. Yakabaki maua yake, na yakabaki humo tu. Mara ngapi shemeji alisema wayaweke na kwenye flashi! Mama Nakshi alikuwa akijibu "kesho", na kesho haina mwisho.

Sasa binti wa marehemu anaolewa mwishoni mwa wiki. Alipokuja kupimwa gauni alisema, "Mama mdogo, mimi sitaki lulu wala vitu vya kumetameta. Nataka maua ya mama hapa kifuani." Mama Nakshi alimkumbatia.

Jioni ya siku ile ile kompyuta iliuliza kama isasishwe. Shemeji aliwafundisha wakubali kila ikiuliza, naye akakubali, kisha akaenda nyuma kunawa. Maandishi yakaanza kupita, pamoja na onyo la kutozima ambalo halikuwa na wa kulisoma. Fundi Suruali akazunguka kama kawaida yake. Pasi, cherehani, taa, kompyuta. Amina.

Asubuhi kioo kilikuwa cheusi ti! Hakuna picha, hakuna kishale, ila kistari kidogo cheupe juu kushoto, kinapepesa kama jicho la mtu aliyeshikwa na usingizi. Mama Nakshi alizima, akawasha. Kistari. Akazima tena, akasoma dua, akawasha. Kistari kile kile. Akaketi juu ya rundo la vitambaa.

Wakamwita fundi wa simu wa ng'ambo ya barabara. Alikuja na soda yake mkononi, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mama, hii dawa yake ndogo. Naifuta yote, naweka mfumo mwingine mpya. Mchana unafanya kazi."

"Na maua yaliyomo?"

"Ah, hayo yanakwenda na maji. Utachora mengine."

"Mengine," Mama Nakshi alirudia polepole. Alimtazama yule kijana, akaona hana ubaya, hajui tu. "Ahsante, mwanangu. Ngoja kwanza."

Alipotoka, Fundi Suruali alikuwa amesimama ukutani na plagi ya pasi mkononi, uso umemshuka.

"Dada, ni mimi. Mimi niliichomoa. Nimeua maua ya marehemu."

"Acha kujihukumu, mzee. Hukumu ina mwenyewe," alisema Mama Nakshi. Akampigia shemeji.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Alisema, "Shemeji, ukimvua mtu gauni kuukuu, ukamvisha gauni jipya mkono mmoja tu, halafu ukaondoka, atatoka nje?"

"Atatokaje? Atajificha ndani."

"Basi kompyuta imejificha ndani. Mlimwacha katikati ya kuvaa. Weka simu sauti kubwa, keti mbele ya kibodi."

Akamwelekeza ashike kwa pamoja vitufe vitatu, Ctrl na Alt, na juu kule F3. Mama Nakshi alivibonyeza kama anayegusa chungu cha moto. Pale penye kistari pakaja neno, likimwuliza jina. Akaandika la dada. Likamwuliza neno la siri, lile alilokuwa akiliandika kila asubuhi. Akabonyeza herufi ya kwanza, ya pili.

"Shemeji, haiandiki! Hata nukta hakuna."

"Inaandika. Haionyeshi tu. Endelea kana kwamba unaona, ukimaliza bonyeza kitufe kikubwa cha kulia."

Mama Nakshi, ambaye ameomba maisha yake yote bila kuona jibu likiandikwa popote, alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Hilo analiweza. Akaandika gizani mpaka mwisho, akabonyeza. Mlango ukafunguka: mstari mpya, wenye jina la dada yake, ukingoja kuambiwa.

"Kabla ya lolote, tutazame maua," alisema shemeji. Akamtajia herufi chache na jina la folda, lile kabati la michoro. Mama Nakshi akabonyeza, akafumba macho. Alipoyafumbua, majina yalikuwa yamejipanga juu ya weusi, meupe kama nyota.

"Soma," alisema shemeji.

"Ua la alfajiri. Ua lililonisumbua. Ua lililonisumbua tena." Fundi Suruali alicheka, kisha akajiziba mdomo. "Jani vivu. Ua la mwanangu."

Mama Nakshi aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Shemeji, upo?"

"Nipo. Kumbe aliyaita hivyo? Mimi sikuwahi kuyafungua tangu aondoke."

Mama Nakshi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maua yalikuwepo. Tangu asubuhi alikuwa analia mbele ya kioo akidhani yamekufa, nayo yako pale pale, nyuma ya giza, yametulia, hayana habari na kilio chake. Alisema kwa kunong'ona, "Ee Mola, ni mangapi mengine unayatunza hivi, nasi hatuoni?"

"Sasa tumalizie kumvisha," shemeji alisema. "Andika ninavyokutajia. Sudo. Nafasi. Halafu d ya dada, p ya pamba, k ya kanzu, g ya gauni."

"Umekuwa mshonaji lini wewe?"

"Nimeoa kwenu, nitaacha kujua? Nafasi. Vistari viwili vifupi, bila kuachanisha. Sasa hili neno refu nitakutajia polepole."

Ikauliza tena neno la siri, safari hii hata hakushtuka. Alipobonyeza, maandishi yakaanza kushuka, mstari baada ya mstari, mbio, kama uzi unaoporomoka kwenye kigurudumu. Hakuelewa hata neno moja, lakini aliitambua ile kazi: ni mkono unaorudi kwenye mshono ulioachwa wazi, unauokota pale pale ulipokatikia.

"Umeme usikatike tu," shemeji alisema.

Fundi Suruali hakungoja kuambiwa mara mbili. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya soketi, mikono kifuani. Mteja akachungulia mlangoni na suruali ya kupunguza.

"Mzee, umekaa hapo kama askari wa benki, vipi?"

"Pita na njia yako. Leo hata malaika haigusi plagi hii."

Maandishi yakasimama. Shemeji akampa neno la mwisho, la kuizima na kuiwasha upya. Kioo kikawa cheusi tena, cheusi kabisa, na kistari hakuna. Mama Nakshi alishika ukingo wa meza. Kisha, bila sauti, rangi ikatokea kutoka katikati, buluu ileile ya kila siku, na saa pembeni, na kishale, na kabati la michoro mahali pake. Aliitazama kama hajawahi kuona buluu.

Kwanza kabisa alichomeka flashi na kunakili maua yote. Kisha akanyoosha kifua cha gauni kwenye fremu, akaufungua ule mchoro wa "Ua la mwanangu", akautuma kwenye mashine. Sindano ikainuka.

"Shemeji, nakuachia, una kazi zako. Mungu akulipe."

"Usikate," alisema shemeji. "Niweke karibu na mashine."

Akailaza simu mezani, karibu na fremu. Sindano ikashuka, ikaanza kwenda, tka-tka-tka-tka, ikikunja pale dada alipokunja, ikipumzika alipopumzika, na ua la kwanza likaanza kuota juu ya kitambaa cheupe. Fundi Suruali alivua kofia. Kutoka kwenye simu hakukuja neno, ila pumzi ya mtu anayesikiliza.