Kitasa cha Chumba cha Mikutano

Fundi seremala alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya kufiwa. Mkewe alipopigwa na kiharusi, wodi nzima ilimhudumia vizuri, hilo halikani. Balaa lilikuja siku ya kuruhusiwa. Daktari alidhani muuguzi ameshamwambia mume. Muuguzi alidhani mfamasia atalisema akitoa dawa. Mfamasia akatoa dawa, na pole juu yake. Hakuna aliyesema kwamba koo la mgonjwa limelegea, asinyweshwe maji amelala.

Nyumbani, fundi akamnywesha amelala, maji yakampalia. Kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya mazishi alikwenda kuuliza. Wakatupiana mpira mbele yake. Akaondoka, kisasi amekifutika moyoni.

Ndipo hospitali ikamwita kubadili kitasa cha chumba cha mikutano, pale wanapokaa pamoja kupanga nani arudi nyumbani na vipi. Wote walipokwisha kuingia, fundi akakijaribu kitasa chake. Kwa nje.

"We fundi! Mbona umetufungia?" Daktari huyo.

"Kwani muuguzi hajakwambia?"

"Aniambie nini? Fungua!"

"Basi mfamasia anajua."

"Mimi tena?" mfamasia akadakia. "Mzee, acha utani, tuna wagonjwa!"

"Hata mimi nilikuwa na mgonjwa."



"Baba," muuguzi akasema taratibu, "lile lilikuwa kosa letu sote."

"La wote halina mwenyewe. Mimi namtaka mwenyewe."

Viti vikakwaruza sakafu. Wakanong'onezana, wakabishana. Mwisho daktari akasogea mlangoni.

"Ni langu, mzee. Nilimruhusu bila kuuliza kama umefundishwa."

Maneno hayo fundi aliyangoja tangu makaburini, akidhani yatamshusha pumzi. Hayakumshusha kitu. Akafungua. Daktari akanyoosha mkono. Fundi akajifanya hamnazo.

"Bibi wa kitanda cha dirishani kule wodini anaondoka leo," akasema. "Naye kiharusi. Binti yake kashafunga mizigo. Nani kamwonyesha namna ya kumlisha?"

Daktari akamtazama muuguzi. Muuguzi akamtazama mfamasia.

Fundi akaurudisha mlango, akazungusha ufunguo, akakaa juu ya sanduku lake la zana.

"Semezaneni," akasema. "Mimi sina mtu wa kuwahi nyumbani."