Mpaka Uliopandwa na Nyumba Nane

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu nikatolewa kwenda kulea mdogo wangu, na kalamu nikaishika tena ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, nikiwa tayari na watoto wanne. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Anayetaka maneno ya kupambwa asisome hapa.

Mtoto wangu wa tano alizaliwa miaka ile ya foleni, sabuni ikifika dukani watu wanasukumana kwa viwiko. Huku kwetu mlimani mzazi halimi wala hachoti maji. Anakaa ndani miezi mitatu, anapikiwa mtori wa ndizi na nyama, anapewa maziwa, ananenepa, ili siku akitoka watu waone kwamba alitunzwa. Mimi nilitunzwa. Mama mkwe alinilisha mpaka nikawa natafuta pa kuficha bakuli. Lakini kihamba chetu, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, hakikuwa na wa kukitunza. Mume wangu alifanya kazi kiwandani Moshi mjini, alipanda Jumamosi na kushuka Jumapili jioni. Magugu yakakua mpaka dirishani. Nikiwa kitandani nayaona yananichungulia.

Ndipo akaja mama mmoja tuliyeimba naye kwaya ya wanawake kanisani. Hakuwa wa huku. Alitoka Singida. Mumewe alikata miwa kwenye shamba la sukari kule tambarare, baadaye akapata kazi ya ulinzi shuleni kwetu, wakapewa chumba karibu na kanisa. Wanakwaya walimbandika jina, mama wa miwa, na mimi nilicheka pamoja nao. Yeye alicheka pia, na ndiyo maana tuliendelea.

Alikaa kizingitini, akamsifia mtoto, kisha akasema, "Dada, wewe lala. Mikono yangu haina kazi. Nikufanyie nini shambani?"

Mtu mwingine angejikokota mpaka mlangoni akamwonyesha: hapa palilia, pale usiguse. Mimi nilikuwa na kiburi cha mtu aliyeshiba. Nikamjibu nikiwa nimelala vilevile, "Ng'oa kila kisicholiwa."

Alifanya kazi siku tatu. Nilisikia jembe lake, na juu ya jembe sauti yake ya pili, maana hata akiwa peke yake aliimba sauti ya pili, kana kwamba sisi wengine tupo. Alhamisi mchana akaja amejaa udongo mpaka kwenye nyusi.

"Nimemaliza, dada. Na ule mstari wa majani marefu upande wa shemeji yako nimeung'oa wote, ulikuwa unakula ardhi bure. Nimeyatandika zizini ili ng'ombe alale pakavu. Pale nimekupandia mboga ya mnafu."

Nikaweka bakuli la mtori chini.

Ule mstari ulikuwa isale. Ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao kwetu ndio mpaka wa kihamba na kihamba. Kila Mchaga anajua, mtoto wa miaka mitano anajua. Na mpaka huo mmoja ulikuwa na kisa chake. Mume wangu na kaka yake waliwahi kukaa miaka sita bila kusalimiana kwa ajili ya kipande kile, kisichozidi upana wa kitanda, mpaka ukoo ukawakalisha na kuwalazimisha wapande masale yale pamoja, kila mmoja ameshika jembe lake. Tangu hapo tulikuwa tunapeana chumvi. Sasa mpaka umetandikwa chini ya ng'ombe.

Kabla sijajibu nikasikia sauti ya shemeji nje. Mama mkwe akanizuia kwa mkono, "Mzazi hatoki." Nikatoka.

Shemeji alikuwa amesimama kwenye udongo mwekundu uliolimwa vizuri, laini kama unga. Mistari miwili ya mnafu ilikuwa imevuka kwake.

"Shikamoo, baba," yule mama akamsalimia kwa furaha. Alikuwa bado hajui.

"Marahaba. Mama wa miwa, huko kwenu mpaka mnaupanda kwa kitu gani?"

"Huko kwetu tunajua tu, baba. Hapa ni kwa fulani, pale ni kwa fulani."

"Mnajua tu." Akanigeukia. "Shemeji, mmeona mwenzenu nimenyamaza, mkanichimba. Mdogo wangu akifika Jumamosi atanikuta hapa na balozi wa nyumba kumi. Safari hii sipandi majani. Tutafika mahakamani."

"Ni mimi, baba," yule mama akasema. Sasa alikuwa ameelewa. "Nilidhani magugu. Dada hajui kitu, alikuwa amelala."

Ningesema pale pale: ni mimi niliyemwambia. Sikusema. Nilimwangalia, nikamwambia mbele ya shemeji, "Umenizika." Kisha nikaingia ndani kumnyonyesha mtoto. Ninaandika hili kwa sababu wajukuu wangu wananisifu kwamba sikuwahi kuogopa kusema ukweli. Siku ile niliogopa.

Mama mkwe hakunigombeza. Alikaa karibu na moto akasema, "Kuna jani lenyewe." Sikuhitaji maelezo. Kwetu aliyekosa akichukua jani la isale, akalifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea, yule hawezi kukataa kusamehe. Tatizo ni kwamba majani yetu yote ng'ombe alikuwa ameshayalalia na kuyafanyia mengine.

Ijumaa asubuhi yule mama akarudi. Nilidhani hatakanyaga tena kwangu. Alikuwa na jani moja mkononi, safi, limefungwa fundo, na macho yamevimba.

"Mama mkwe wako jana alinieleza habari ya jani, nikazunguka kwa wanakwaya kuomba," akasema. "Wa kwanza alinicheka. Wa pili akaniambia jani haliombwi hivi hivi, akaniuliza aliyekosa ni nani. Nikasema ni mimi. Mama mchungaji naye akauliza hivyo hivyo, nikasema ni mimi. Akanifungia fundo. Ila sijui kulitoa, dada. Linatolewa kwa mkono gani? Ninapiga magoti?"

Nikawa namtazama mwanamke yule. Siku tatu ameniinamia shambani bure, siku ya nne amebeba kosa langu nyumba hadi nyumba, na sasa anauliza mkono wa kulitolea. Nikamwambia, "Lete hapa. Si lako."

"Dada, wewe ni mzazi."

"Nilikwambia ung'oe kila kisicholiwa. Isale linaliwa?"

Akafikiri. "Haliliwi."

"Basi ulitii. Shika mtoto."

Nilivuka kwa shemeji nimejifunga kitenge, miguu inacheza kwa kukaa ndani muda mrefu. Nilimkuta anakunywa chai ya rangi. Aliliona jani kabla hajaniona mimi, akaweka kikombe chini.

"Mzazi ametoka nje kwa ajili ya majani?"

"Kwa ajili ya mdomo wangu," nikasema. "Mgeni nilimwagiza mimi, nikiwa kitandani, kwa uvivu wa kuinuka. Jana nikamwachia aibu peke yake. Nimekukosea wewe, na yeye nimemkosea zaidi."

Alilishika jani muda mrefu, akilizungusha. Alikuwa mtu mgumu, lakini kwetu hakuna ugumu unaolirudisha jani lile. Mwishowe akasema, "Balozi nitamwambia asije. Lakini mpaka unarudi, na nitaonyesha mimi ulipokuwa."

Jumamosi umande haujakauka wakafika wanawake wa kwaya, saba, kila mmoja na vipande vya isale kutoka mpaka wa kwake vimefungwa kwenye kanga. Hakuna aliyewaita. Yule aliyemcheka mgeni ndiye aliyekuja na mzigo mkubwa kuliko wote, akautua mbele yake. "Haya, mama wa miwa, njoo ujifunze. Linachomekwa hivi, halitaki kubembelezwa." Mzee mmoja wa kanisa akapita njiani, akasimama. "Akina mama, haya si mambo ya kale?" Mama mchungaji akamjibu bila kuinua kichwa, "Baba, kwako mpaka umepanda nini?" Yule mzee akaendelea na safari yake.

Shemeji alitembea mbele akikanyaga, "Hapa. Hapa. Na hapa," sisi tunachomeka nyuma yake. Niliona wazi kwamba alisogea kwetu upana wa unyayo mmoja. Nilinyamaza. Unyayo ule upo mpaka leo, na mume wangu sijamwambia. Lakini tulipofika kwenye mnafu uliovuka, mama mkwe akaleta kipande kimoja alichong'oa nyuma ya nyumba yake, nyumba ya nane, shemeji akakichukua akakichomeka mwenyewe kwa mkono wake, kisha akasema, "Huu mnafu uacheni. Wenyewe haujakosa." Wiki zilizofuata aliuchuma upande wake akala.

Mume wangu alipopanda mchana akakuta wanawake wamejaa, kaka yake ana udongo mikononi. Akauliza kwa hofu, "Kuna msiba?"

"Hakuna," kaka yake akamjibu. "Tunapalilia. Kaa ule."

Mpaka ule ukiuona leo si mzuri. Masale ya nyumba nane hayalingani, mengine mafupi, mengine yana mistari ya manjano ya kwa mama mchungaji. Lakini yameota yote. Baada ya siku ile yule mama tuliacha kumwita wa miwa. Tulimwita dada, na kila mwanakwaya aliyejifungua alipaliliwa shamba na yeye, akionyeshwa kwanza.

Mumewe alipostaafu walirudi Singida. Nilimpa vipande vitatu vya isale vimefungwa kwenye gazeti lenye maji. Mwaka jana aliniandikia. Vimekubali, amevipanda kando ya choo kwa sababu ndiko kuna unyevu. Halafu akanieleza kwamba mbuzi wake alikula mahindi ya jirani, jirani akanuna miezi miwili. Akakata jani, akalifunga fundo, akampelekea. Jirani hajui chochote kuhusu isale. Alidhani ni ua, akaliweka kwenye chupa ya maji mezani.

Siku hizi wanasalimiana.